Camry 2.4 ya 2008 hapa Lubumbashi: lita 14 kwa kilomita 100. Ni gari, au ni safari zangu?

Baba_Pacha (mwenye uzi), tarehe 14 mwezi wa 7

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Nina Toyota Camry ya mwaka 2008, injini ya lita 2.4, gia otomatiki, usukani upande wa kushoto, iliyotoka Marekani kabla ya kuletwa huku. Aliyeniuzia aliniapia kwamba lita nane za esanse, yaani petroli, zinaitosha kwenda kilomita mia moja, nami nilimwamini, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimeshalipenda gari na nilitafuta tu sababu ya kutoa pesa. Mwezi wa tano nilinunua daftari dogo, nikaliweka kwenye kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, nikaanza kuandika kila ninapojaza tangi. Mara ya kwanza nilitembea kilomita 312, zikaingia lita 44.6. Mara ya pili kilomita 287, lita 40.9. Mara ya tatu kilomita 341, lita 46.1. Jumla ni kilomita 940 kwa lita 131.6, yaani lita 14 kamili kwa kila kilomita 100.

Kazi ya gari hili ni ya kawaida sana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka Bel-Air, nawashusha watoto shuleni, naendelea hadi kazini katikati ya mji, na yote hayo hayafiki kilomita saba. Kutwa nzima limesimama. Jioni nawangoja watoto mlangoni pa shule, kisha tunarudi kwa njia ileile huku manseba, wale wa pikipiki za abiria, wakipenya kila upande. Jumapili tunakwenda Katuba kwa wazee. Kwa mwezi mzima sizidi kilomita 400. Taa ya injini haijawaka hata siku moja, moshi sioni, na mafuta ya injini hayapungui. Naomba mnisaidie kujua kama gari lina ugonjwa, au nilidanganywa, au ndivyo Camry zinavyokunywa katika mji huu.

Kijana_wa_Ruashi, tarehe 14 mwezi wa 7

Yaya, kaka yangu, usijisumbue bure. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, injini inakosa pumzi na ndiyo maana inameza esanse. Kila fundi anajua jambo hilo. Liuze, ununue IST, ile Toyota ndogo.

PremioNyeupe, tarehe 14 mwezi wa 7

Lita 14 ni nyingi mno. Toyota Premio yangu ya 1.8 inaniandikia kwenye tablo, pale mbele ya usukani, kilomita 13.1 kwa lita moja, nami pia nazunguka humu humu mjini. Badilisha filta ya hewa kwanza, kwa maana vumbi jekundu la kipindi hiki cha kiangazi linaziba kila kitu.

Mwalimu_wa_Kalubwe, tarehe 15 mwezi wa 7

Baba Pacha, nakupongeza kwa daftari, kwa sababu wengi wetu hubishana kuhusu esanse bila kuwa na namba hata moja. Naomba mniwie radhi kwa urefu wa jibu hili.

Nianze na ile ahadi ya lita nane. Gari lako lilipouzwa Marekani mwaka 2008 lilibandikwa karatasi ya serikali kwenye kioo, na karatasi hiyo iliandika maili 21 kwa galoni mjini na maili 31 barabara kuu. Ukitaka kugeuza hesabu ya galoni ya Marekani, gawanya 235 kwa hizo maili: mjini utapata lita 11.2 kwa kilomita 100, barabara kuu lita 7.6, na kwa mchanganyiko, ambao ni maili 25, lita 9.4. Kwa hiyo muuzaji wako hakuitunga namba yake. Aliichukua ile ya barabara kuu, akanyamaza kuhusu mji. Tena magari ya mwaka huo wa 2008 ndiyo ya kwanza kupimwa Marekani kwa utaratibu mpya, ambao uliongeza mwendo wa kasi, kiyoyozi na baridi, kwa hiyo karatasi yako iko karibu na ukweli kuliko nyingi.

Karatasi za Japani ni habari nyingine, na hapo namgeukia ndugu wa Premio. Kwa miaka mingi Wajapani walipima kwa utaratibu ulioitwa 10-15, ambao ulichukua dakika 11, ukaenda kilomita nne na kitu, na haukuvuka kilomita 70 kwa saa. Huwezi kuiweka namba ya namna hiyo kando ya namba ya Marekani ukasema gari hili linashinda lile. Kisha kuna suala la vipimo vyenyewe. Sisi huku tunahesabu lita kwa kilomita 100, tablo la Kijapani linahesabu kilomita kwa lita, na namba hizi za pili zina mtego: ukienda kilomita 100 kwa kilomita 10 kwa lita, halafu kilomita 100 nyingine kwa kilomita 15 kwa lita, wastani wako si 12.5. Umetumia lita 10, kisha lita 6.67, kwa hiyo ni kilomita 12 kwa lita. Jumlisha kilomita zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawanye, kama alivyofanya Baba Pacha.

Sasa mwinuko. Mdogo wangu wa Ruashi, ulilolisema lilikuwa kweli enzi za babu zetu, wakati magari yalikuwa na kabureta ambayo ilimimina esanse ileile hata hewa ikipungua. Hewa ya mita 1,200 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya asilimia 11, na injini kama ya Camry hupoteza nguvu kwa kiasi hicho, jambo unaloliona unapopita lori. Lakini injini ya sindano, ambayo kompyuta ndiyo inayoipimia esanse, ina kipimo kinachopima hewa inayoingia, na kompyuta hupunguza esanse kulingana na hewa hiyo. Zaidi ya hayo, hewa nyepesi hailizuii gari sana kama hewa nzito linapokuwa barabarani. Mtu anayetembea Lubumbashi hadi Kolwezi ananufaika na mwinuko zaidi kidogo kuliko anavyoumia.

Filta ya hewa ibadilishwe, ndiyo, lakini kwa ajili ya afya ya injini. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu jambo hili mwaka 2009 kwa magari ya sindano, ikakuta kwamba filta iliyoziba hupunguza nguvu ya kuondoka, na kwa ulaji wa esanse tofauti karibu haionekani.

Tatizo lako mimi naliona kwingine. Injini baridi hunywa sana, kwa sababu kompyuta huizidishia esanse hadi ipate joto, na mafuta ya injini na ya gia yakiwa mazito kila kitu kinazunguka kwa shida. Safari yako yote ni kilomita sita, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, ambapo hapa kwetu baridi inashuka hata chini ya nyuzi 10. Gari lako linafika kazini likiwa ndiyo kwanza linaanza kuamka. Kisha kuna huko kungoja watoto. Je, unazima injini? Kama unaiacha ikinguruma robo saa kila jioni, siku 22 za kazi ni saa tano na nusu, na injini kama yako hunywa takriban lita moja kwa saa ikiwa imesimama, pengine zaidi. Kwa mwezi wa kilomita 400 hiyo peke yake ni lita 1.4 kwa kilomita 100. Nakuomba utuambie mambo matatu: unazima au huzimi, matairi yana upepo kiasi gani na ya saizi gani, na mshale wa joto unasimama wapi unapofika kazini.

Baba_Pacha, tarehe 17 mwezi wa 7

Mwalimu, nakiri kwamba sizimi. Redio inaimba, simu inachaji, na dakika zinapita.

Matairi nimeyapima leo kwa kipimo cha jirani, kabla sijaondoka, yakiwa bado baridi. Kibandiko cha mlangoni kinataka baa 2.2, nami nimekuta 1.6, 1.7, 1.5 na 1.7. Nilikuwa nayatazama kila siku na kuyaona yamejaa. Saizi ya kibandiko ni 215/60 R16, lakini yaliyovaliwa ni 205/60 R16, na sikumbuki kama niliyanunua mimi au nililikuta gari nayo. Mshale wa joto unapanda polepole sana, na nikifika kazini unakuwa chini ya katikati kwa vidole viwili. Nilidhani ni jambo zuri, kwamba injini yangu haichemki.

FundiKamalondo, tarehe 17 mwezi wa 7

Baba, nisikilize. Je, gari hilo liliwahi kuchemka, ukalipeleka garaji, na tangu hapo likawa halichemki tena?

Baba_Pacha, tarehe 17 mwezi wa 7

Ndiyo, fundi, miaka miwili iliyopita, njiani kutoka Kasumbalesa. Walilitengeneza siku hiyo hiyo na halijachemka tena. Umejuaje?

FundiKamalondo, tarehe 18 mwezi wa 7

Nimejua kwa sababu hata mimi nimefanya hivyo kwa magari mengi, na sitajificha. Pale bomba linalorudisha maji kutoka radieta linapoingia kwenye injini kuna kifaa kidogo cha shaba chenye springi, ambacho hapa tunakiita termosta. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya maji ili joto lipande haraka, na kwenye injini yako kinaanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hadi 84. Gari likichemka hapa mjini, jambo la kwanza fundi analofanya ni kukitoa na kukitupa. Mteja anaona mshale umeshuka, anafurahi, analipa. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni radieta iliyojaa kutu kwa sababu ya kutiwa maji ya bomba mwaka hadi mwaka, lakini kusafisha radieta ni gharama na ni siku nzima, na mteja amesimama pale mlangoni anasema anataka gari lake sasa. Msitulaumu mafundi peke yetu.

Ukikitoa, maji yanazunguka kwenye radieta tangu dakika ya kwanza. Asubuhi ya baridi injini inaweza kufika kazini bila kupata joto lake, kompyuta inaendelea kuamini kwamba ndiyo kwanza gari linawashwa, na inaendelea kumimina. Taa ya injini ingepaswa kuwaka, lakini mara nyingine na yenyewe imeshazimwa au balbu imetolewa. Hakikisha inawaka unapofungua ufunguo kabla ya kupiga stata. Mwenye skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, akupimie joto la maji gari likitembea, usitegemee mshale.

Baba_Pacha, tarehe 21 mwezi wa 7

Nimeazima skana ndogo ya kuchomeka chini ya usukani, ile inayoongea na simu. Shemeji yangu alikaa upande wa abiria akiisoma kwa sauti tangu tulipotoka nyumbani. Tuliwasha ikiwa nyuzi 14. Shuleni ilikuwa 47. Kazini ilisoma 61, na tuliposhuka mteremko mfupi bila kukanyaga esanse ilirudi 58. Shemeji alisema, «Hili gari lako lina homa ya kinyume.» Taa ya injini inawaka vizuri kwenye ufunguo, kwa hiyo hakuna aliyeitoa, ila skana ilikuta kosa moja linalosubiri, ambalo bado halijawasha taa, linalohusu joto la maji.

Jana fundi mwingine alifungua lile bomba mbele ya macho yangu. Ndani palikuwa patupu, gasketi tu, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Tumesafisha radieta, tumeweka termosta mpya na maji ya radieta yenye dawa, si ya bomba. Matairi nimeyatia upepo hadi 2.2. Na jioni nazima.

MamaLikasi, tarehe 23 mwezi wa 7

Baba Pacha, mimi pia nina Camry ya umbo hilohilo, na kila wiki nakwenda Likasi na kurudi. Nataka niongeze upande wa barabara, kwa sababu hapa mnazungumzia mji tu.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kilomita kama 120, na huwezi kupima safari ya kwenda peke yake, maana Likasi iko juu kidogo kuliko sisi na upepo nao haukosi upande. Mimi najaza alfajiri kwenye pampu ileile, upande uleule, naiacha pampu ijikate yenyewe mara moja tu, bila kumruhusu pompisti kuongeza ili kufikisha namba nzuri. Jioni narudi pale pale. Esanse hutanuka kwa joto, karibu asilimia moja kwa kila nyuzi kumi, kwa hiyo ukijaza alfajiri na jioni ya mwezi wa kumi kuna kosa dogo lisiloepukika. Nalipunguza kwa kuhesabu safari tano pamoja.

Nilipokuwa na haraka ya ujana nilikuwa nakwenda 120 kila penye nafasi, na daftari langu lilisema lita 8.9. Sasa nakwenda 90, nikivuka malori ya shaba pale tu ninapoona mbali, na linasema 7.4. Nguvu ya hewa inayozuia gari hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo 120 dhidi ya 90 ni karibu mara 1.8. Na muda ninaoupoteza hauonekani, kwa sababu mtu aliyenipita kwa 120 namkuta kwenye foleni ya peaji, pale tunapolipia barabara, akitafuta chenji.

Jambo la mwisho ni kwamba usihesabu kamwe safari ambayo ulinunua esanse kwa kadafi, muuza bidoni wa njiani. Bidoni ya lita 20 ikijazwa hadi shingoni inabeba zaidi ya lita 20, ikijazwa kwa mkono wa haraka inabeba chini yake, na hakuna anayejua ni ipi uliyopewa.

PremioNyeupe, tarehe 2 mwezi wa 8

Uzi huu umeniaibisha. Nimejaza mara mbili kwa njia ya MamaLikasi, nimepata kilomita 12.2 kwa lita, huku tablo likiendelea kunionyesha 13.1. Linanisifu kwa asilimia saba. Nasema hivi ili mtu asiuze gari lake kwa sababu ya tablo la jirani.

Baba_Pacha, tarehe 19 mwezi wa 10

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kujaza mara tatu kamili kabla ya kusema neno, na kwa kilomita zangu chache hilo limechukua karibu miezi mitatu. Kilomita 356 kwa lita 43.1. Kilomita 338 kwa lita 41.9. Kilomita 329 kwa lita 40.2. Jumla ni kilomita 1,023 kwa lita 125.2, yaani lita 12.2 kwa kilomita 100, kutoka 14. Skana sasa inasoma 83 kabla sijafika shuleni, na kosa halijarudi.

Mwalimu_wa_Kalubwe, tarehe 19 mwezi wa 10

Hongera, baba. Niruhusu niitie maji kidogo furaha yako, kwa faida ya watakaosoma baadaye.

Kwanza, matairi yako ya 205/60 ni mafupi kuliko ya kibandiko: kipenyo ni milimita 652 badala ya 664. Gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi, na kilomita 100 za tablo lako ni kilomita 98.2 za barabarani. Lita 12.2 zako kwa kweli ni 12.5, na 14 za zamani zilikuwa 14.3. Tofauti inabaki ileile, ila namba yenyewe isogezwe.

Pili, ulibadilisha mambo matatu kwa mpigo, termosta, upepo na kuzima, na wakati huohuo baridi ya mwezi wa saba ikaondoka, tukaingia joto la mwezi wa tisa na wa kumi. Upepo uliopungua kwa baa 0.6, ambayo kwa kipimo cha Wamarekani ni psi tisa hivi, huongeza ulaji kwa asilimia mbili tu, kwa makadirio ya Wamarekani ya asilimia 0.2 kwa kila psi. Kungoja bila kuzima tulikukadiria lita 1.4. Ukitoa hayo, termosta inabakiwa na sehemu ndogo kuliko tulivyotarajia, na baadhi ya sehemu hiyo ni ya jua. Mwezi wa sita ujao ndio utakaotuambia. Ila termosta ungeirudisha hata kama haingeokoa tone, kwa kuwa injini inayoishi baridi huchafua mafuta yake na kulika mapema.

Kijana_wa_Ruashi, tarehe 20 mwezi wa 10

Kwa hiyo, yaya, bado ni lita 12 na nusu. IST haifiki hapo.

Baba_Pacha, tarehe 26 mwezi wa 10

Haifiki, mdogo wangu, na mapacha wangu na mama yao na mifuko ya unga haviingii ndani yake pia. Karatasi ya Marekani ilisema 11.2 mjini, na mji walioupima wao hauna kilomita sita za kuanzia baridi mara mbili kwa siku. Nimeanza kuwapeleka watoto kwa zamu na jirani, kila mmoja wiki yake, kwa sababu hakuna fundi atakayeirefusha safari yangu.

Jana nilikwenda Likasi kwa njia ya MamaLikasi, 90 tupu, pampu ileile, alfajiri na jioni. Kilomita 244 za tablo, lita 18.6. Nikirekebisha kwa matairi ya Mwalimu ni lita 7.8. Muuzaji wangu, popote alipo, nimemwandikia kwenye ukurasa huohuo wa daftari: «Ulisema kweli, hadi peaji.»